Daftari la Stika Arobaini na Moja

Hakuna kitu kinachokausha mate kama mwanaume unayempenda kukuomba umfundishe jambo ambalo wewe mwenyewe unalifanya kwa udanganyifu.

Ilikuwa Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha ya idara ya dharura, baridi ile ya Karatu inayokufanya uvae sweta juu ya sare. Nilikuwa napokea ripoti ya zamu iliyopita nilipomwona Nehemia mlangoni, koti lake la bluu limefungwa mpaka shingoni, kishikwambi kwapani, na lile tabasamu la upande mmoja ambalo kwa miezi mitano limekuwa likinisahaulisha nilichokuwa nasema.

"Habari za asubuhi, Sista Bibiana."

Mbele ya watu huniita Sista. Tukiwa wawili huniita Biana, na hapo jina langu huwa tamu kuliko wazazi wangu walivyokusudia.

"Nzuri. Mbona mapema? Kuna mashine imekufa?"

"Zote zinaishi. Nimekuja kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kukusoma wewe." Akakigeuza kishikwambi nikaona orodha yangu, yote ya kijani. "Vifaa arobaini na moja, vyumba vitano, dakika nne. Kila asubuhi, wiki tisa, hujakosa hata kimoja. Jana nimejaribu mwenyewe wodi ya watoto. Vifaa kumi na viwili tu, na nimetumia dakika kumi na saba. Nimejiuliza usiku kucha, huyu mtu anatembeaje? Nataka nikufuate nyuma leo, nione."

Nikaitupia jicho droo ya chini ya meza yangu.

Nehemia ni fundi wa vifaa tiba, kwao Machame. Aliletwa hospitalini kwetu kwa mkataba wa miezi sita kujaribu mfumo wake. Kila kifaa kilibandikwa stika yenye vidoti, na kila asubuhi muuguzi msimamizi, yaani mimi, anapita na kishikwambi kuzipiga picha. Mfumo unajua nini kipo na kiko wapi, ili mgonjwa akiletwa hapumui tusianze kukimbizana koridoni tukiulizana nani kachukua mashine. Ijumaa, wageni wa mradi walikuwa wanakuja kutoka Arusha. Wakiridhika, Nehemia angepewa kazi ya kudumu hapa Karatu. Wasiporidhika, mwisho wa mwezi angefungasha mabegi yake.

Na hapo ndipo baba yangu alipoingia kwenye mambo ya hospitali bila kujua. Sikukuu ya Pasaka nilimwambia kuna mtu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: huyo mtu ana kazi hapa? Nikasema ana mkataba. Mzee Hhando akatikisa kichwa. "Mtu wa mkataba ni mtu wa kuazima, binti yangu. Mkataba ukiisha anarudi kwao, na wewe ama unamfuata, ama unabaki unalia. Akipata kazi ya kukaa, mlete. Asipopata, usinichoshe."

Kwa hiyo mtu asinilaumu upesi.

"Leo kuna kazi nyingi," nilimwambia Nehemia. "Njoo kesho."

"Kesho natengeneza mtungi wa oksijeni wa theatre. Tembea tu kama kawaida, sitakusumbua. Nitakuwa kivuli chako."

"Kivuli kinachouliza maswali?"

"Maswali matatu tu."

Alikuwa mwongo. Nehemia hajawahi kuuliza maswali matatu tu maishani mwake. Mwezi wa kwanza alimuuliza mama wa usafi anatumia ndoo ngapi kwa siku, akamuuliza dereva wa gari la wagonjwa kwa nini anaegesha kwa kurudi nyuma, akaniuliza mimi kwa nini nikimchoma mtu sindano nauma mdomo wa chini. Swali hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Hakuna mwanaume aliyewahi kuuangalia mdomo wangu nikiwa kazini.

Nikachukua kishikwambi, nikaingia chumba cha kwanza. Sijui nilitegemea nini. Pengine mgonjwa aletwe, au radi. Karibu na kitanda kulikuwa na monita. Nikaielekezea kamera, nikasubiri, kamera nayo ikasubiri.

Nehemia akainama. Akapitisha kidole pembeni mwa monita, mahali palipobaki alama nyeupe ya gundi.

"Stika imetoka," alisema.

"Eeh. Imetoka."

Akaenda kwenye mashine ya presha. Gundi. Akainua kipima joto. Gundi. Akapita vyumba vingine vinne peke yake, nikamsikia akivuta meza, akifungua droo. Aliporudi hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wake wa kufungulia mashine.

"Biana," alisema polepole, akisahau tuko mbele ya watu. "Hakuna stika hata moja kwenye idara hii. Sasa kila asubuhi unapiga picha nini?"

Eliapenda, muuguzi mwenzangu, alikumbuka ghafla ana dripu ya kubadilisha mahali pengine.

Nikaenda kwenye meza yangu, nikafungua droo ya chini, nikatoa kaunta buku lenye jalada jekundu. Nikampa mkononi. Akafungua ukurasa wa kwanza. Stika zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, arobaini na moja, kila moja na jina la kifaa chini yake kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni. Akafungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Umezikusanya," alisema.

"Zilianza kutoka wiki ya pili. Tunafuta vifaa kwa klorini mara tatu kwa siku, Nehemia. Stika zako ni za karatasi. Eliapenda alikuwa anaziokota sakafuni, tukaogopa zitapotea, nikazibandika humu zisipotee. Nia ilikuwa nzuri."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi moja nilikuwa na haraka. Nikapiga picha humu."

"Dakika nne."

"Dakika nne. Na orodha yote ikawa ya kijani, na wewe ukaja mbio kutoka karakana umefurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia stika zimetoka."

"Ungeandika kwenye ripoti kwamba mfumo umeshindwa."

"Ndiyo. Ningeandika." Alifunga daftari. Sasa hasira ilikuwa inafika, taratibu, kama maji kwenye birika. "Wiki iliyopita nilisimama Arusha mbele ya watu kumi na wawili nikasema Karatu kuna muuguzi ambaye vituo vyote mpaka Loliondo vinatakiwa vijifunze kwake. Nilitaja jina lako. Nilikuwa najivuna, Biana. Nilikuwa najivunia daftari."

"Na wewe ulimuuliza mama wa usafi ndoo ngapi, hukumuuliza ndani ya ndoo kuna nini."

Nilijua nimempiga mahali penyewe, na sikufurahi.

Mtu mwingine angeondoka na kuubamiza mlango. Nehemia alifungua tena ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye stika ya thelathini na tatu.

"Mashine ya kufyonza. Mfumo unasema jana asubuhi ilikuwepo chumba cha tatu. Nimetoka huko, haipo. Iko wapi?"

Ile ni mashine ya kutoa makohozi na damu kooni, mtu aweze kupumua. Nikafikiri. Nikafikiri tena. Na ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu sikujua. Kwa wiki tisa kishikwambi kilikuwa kinaniambia ipo, nikaacha kuiangalia.

"Sijui," nilisema.

"Twende tukaitafute."

Tulianza theatre, tukaambiwa haijaonekana. Stoo, haipo. Wodi ya wanaume walituonyesha mashine nyingine kabisa, mbovu, ambayo Nehemia alikuwa akiitafuta tangu Februari. Nikiwa namfuata nyuma, niliona mabega yake yanalegea kidogo kidogo. Udadisi ulikuwa unaila hasira yake, na mimi niliomba Mungu hospitali yetu iwe na vyumba vingi zaidi.

Wodi ya wazazi tulimkuta Sista Bertha, msimamizi wa huko, mama wa miaka hamsini na kitu aliyenifundisha kazi nilipokuwa mwanafunzi.

"Shikamoo, Sista Bertha."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmeongozana kama wanaotafuta shahidi wa ndoa?"

Nehemia alikohoa. Nikauliza kuhusu mashine. Sista Bertha akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akavuta pumzi, akaenda kwenye kabati la mashuka. Akatoa mashuka manne, akatoa khanga mbili. Nyuma ya khanga, safi, inang'aa, ilikuwepo mashine namba thelathini na tatu.

"Sijaiiba," alisema. "Nimeihifadhi."

"Tangu lini, mama?" Nehemia aliuliza.

"Wiki ya tatu hii. Tuliiazima kwa mtoto aliyezaliwa amechoka, hapumui vizuri. Akapona. Nikasema nikiirudisha, siku nikiihitaji nitaambiwa iko kwa mgonjwa, au imeharibika, au fundi anayo. Hapa naiona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo kila wodi ina kitu ilichokificha?"

"Kila msimamizi ana chake. Ndiyo kazi ilivyo. Anayeacha kitu chake kizuri wazi anakikosa." Akanigeukia, na macho yake yakacheka. "Muulize mwenzio ana nini kwenye kopo la majani ya chai."

Nehemia hakuuliza mpaka tulipofika nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka yamening'inia kwenye kamba na ukungu umeanza kuinuka. Hapo akasimama.

"Kopo la majani ya chai?"

"Kipima oksijeni cha kidole. Kile kizuri. Kipo mezani kwangu mwaka wa pili."

"Namba ngapi?"

"Hakina namba. Siku uliyokuja kubandika stika nilikificha."

Akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, akajiegemeza ukutani na daftari langu kifuani. Kisha kicheko kikaisha.

"Wenzako wanaficha ili wasinyang'anywe. Naelewa. Lakini lile daftari, Biana, hukuficha mashine. Zile stika zilikuwa zinamficha nani?"

Nilitaka kusema kitu cha utani. Ninao utani mwingi, kwetu ndiyo tunavyovuka mambo. Nikauacha.

"Wewe," nilisema. "Nilikuwa nakuficha wewe. Orodha ikiwa nyekundu unaondoka. Ikiwa ya kijani unabaki, unakwenda kwa baba, basi. Kila asubuhi nilikuwa napiga picha arobaini na moja na kila moja nasema moyoni, abaki. Nakupenda, Nehemia, na sijui kupenda kwa njia ya kistaarabu. Najua kuficha tu."

Shuka lilipigwa na upepo likapita kati yetu. Alilisogeza kwa mkono. Alikuwa karibu, nikasikia harufu ya sabuni na mafuta ya mashine, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa hana swali.

"Nitaandika ukweli," alisema hatimaye. "Siwezi kuandika kingine. Mashine ile ingehitajika leo, tungekimbilia chumba cha tatu, na mtu angekufa tukiangalia rangi ya kijani."

"Andika."

"Nitaandika pia kwamba kosa la kwanza ni langu. Stika za karatasi."

"Andika na kopo la majani ya chai."

"Hilo nitaliacha," alisema, na akaugusa mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba, sekunde moja tu. "Hilo ni letu."

Kesho yake tulizunguka pamoja, kifaa kwa kifaa, kwa macho na kalamu. Tulitumia dakika thelathini na moja. Tulivipata ishirini na saba.

Ijumaa wageni walikuja, watu watatu wapole wenye viatu vilivyoshika vumbi jekundu. Nehemia alisoma namba hiyo bila kuipamba. Mmoja akauliza imekuwaje kwa wiki tisa taarifa ziwe kamili. Nehemia alifungua mdomo, nikasimama kabla hajasema. "Ni mimi," nilisema, na nikaliweka daftari mezani. Walilipitisha mkono kwa mkono. Nikapewa onyo la maandishi, na nilistahili. Kuhusu mfumo walisema njia ya kubandika imeshindwa. Kama hakuna nyingine, mradi utafungwa. Mkataba wa Nehemia ukabaki na siku kumi na mbili.

Usiku ule nilikunja lile gauni nililokuwa nimelitayarisha kwa safari ya kesho ya kumpeleka Nehemia kwa baba, nikalirudisha kabatini.

Jumamosi asubuhi kengele ya geti ililia. Alikuwa yeye, viatu vimepigwa rangi, kilo mbili za sukari na majani ya chai kwenye mfuko.

"Tunachelewa," alisema.

"Kwenda wapi? Huna kazi."

"Ninayo siku kumi na mbili. Baba yako aliuliza kama nina kazi hapa. Nitamjibu."

"Atakufukuza."

"Nataka kuona anavyofukuza," alisema, na nikaona hatanii. Kweli alikuwa anataka kujua.

Nyumbani ni Baray, chini kule kuelekea ziwa Eyasi, ambako joto linakupokea kabla ya mtu. Baba alikuwa kwenye mfereji wa vitunguu, suruali imekunjwa magotini. Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu Mzee Hhando, ambalo Baray nzima inalijua: haazimishi. Jembe, chepe, pampu ya maji, hata ngazi. Ukimwomba kitu atakupa moja kwa moja kiwe chako, au atakunyima. Anasema kitu cha kuazima kinamlazimu kumkumbuka mtu, na yeye hana nafasi ya kukumbuka watu ovyo.

Nehemia alimsalimu kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, alichofundishwa na mama wa usafi, kwa lafudhi ya Machame. Baba akaitikia, akaficha tabasamu, akatuketisha kivulini karibu na zizi. Akanawa mikono kwa muda mrefu sana.

"Sasa, Mangi," alisema, jina analompa kila Mchaga. "Una kazi hapa Karatu?"

"Mpaka tarehe thelathini, mzee. Baada ya hapo sina."

"Bibiana aliniambia mambo ni mazuri."

"Yalionekana mazuri. Hayakuwa. Ningeweza kunyamaza mpaka nipate kazi, nikaja kwako nikiwa nayo. Nimeona nije hivi hivi."

Baba aliinuka. Aliingia ndani kumwambia mama aongeze maji ya chai, na nilijua ana maana ya kupata muda wa kutunga namna ya kunyima. Mimi nilikuwa naangalia chini. Nilipoinua kichwa, kiti cha Nehemia kilikuwa kitupu.

Alikuwa ndani ya zizi. Mtu aliyekuja kuposa, viatu vilivyopigwa rangi ndani ya samadi, amemshika sikio ng'ombe wa baba na anasugua kwa ukucha ile hereni ya njano yenye namba.

Baba alitoka na vikombe, akasimama.

"Anafanya nini huyu?"

"Sijui, baba," nilisema. Na kweli sikujua.

"Mzee," Nehemia aliita bila kugeuka, "huyu anakwenda kuogeshwa josho mara ngapi?"

"Kila wiki mbili."

"Na hereni ina muda gani?"

"Mwaka wa nne."

"Miaka minne ya dawa ya josho," alisema, zaidi kwa ng'ombe kuliko kwetu, "na namba haijafutika hata kidogo. Biana, njoo uone. Njoo uguse."

Nilikwenda. Ng'ombe alinipumulia mkononi. Plastiki ilikuwa ngumu, laini, safi, na namba imechimbwa ndani. Tukatazamana juu ya shingo ya yule ng'ombe na nikaelewa kitu kile kile alichokielewa yeye: monita, mashine ya presha, ile ya kufyonza, zote na hereni za njano, kamera ikisoma namba badala ya vidoti, na ndoo zetu za klorini haziziwezi. Sikumbuki kama nilicheka au nililia. Mama aliyekuwa mlangoni anasema vyote viwili.

Baba aliviweka vikombe chini. Kisha akaingia ndani. Alirudi na kopo la zamani, akamimina mkononi hereni sita mpya zilizobaki siku ng'ombe walipotobolewa masikio. Akazihesabu, akamkabidhi Nehemia.

"Kajaribu na hizi."

"Asante sana, mzee. Nitakulipa."

"Sijakuuzia."

"Basi nashukuru kwa zawadi."

"Sijakupa pia," baba alisema, na akageukia birika kama mtu anayesema habari za mvua. "Nimekuazimisha. Utanirudishia wewe mwenyewe, mkononi. Usimpe dereva wa gari, usimtume mtu."

"Lini, mzee?"

"Sikusema lini. Nimesema uwe unakuja."

Nehemia alinitazama aone kama ameelewa vizuri. Nikachukua kikombe, nikampa baba chai kwa mikono miwili, nikageuka haraka kuangalia vitunguu.